Somo la Robo Hii: Kidhibiti cha Pampu Hutunza Wapi Programu Yake?



Katika ziara za ufuatiliaji wa miradi ya maji, kamati nyingi za sharika zimetuuliza swali moja kwa namna mbalimbali. Wanafungua kabati la umeme kwenye nyumba ya pampu, wanaona kisanduku chenye taa ndogo ndogo ambacho huwasha na kuzima pampu bila mtu kukigusa, na wanauliza: umeme ukikatika usiku kucha, asubuhi kinakumbukaje kazi yake? Na siku kikisahau, nani atakikumbusha? Swali hili la pili ndilo lililotufanya tuandike somo hili, kwa sababu jibu lake linahusu mali ya usharika, na mara nyingi mali hiyo haimo kabisa katika orodha ya makabidhiano.

Kisanduku hicho ni kidhibiti chenye programu. Mafundi hukiita kwa herufi tatu, PLC. Utakikuta pia kwenye mitambo ya kuzalisha oksijeni hospitalini, kwenye viwanda vya maziwa, sukari na saruji. Hapa tutakifuata kwenye pampu ya kisima kirefu kwa kuwa ndiyo inayofahamika na wengi wetu, lakini tutakayosema juu ya kumbukumbu yanaihusu mitambo hiyo mingine vilevile.

KILITOKA WAPI

Zamani kazi ya kuamua mota iwake lini na izime lini ilifanywa na rilei, yaani swichi zinazovutwa na sumaku ya umeme. Ukitaka kubadilisha kanuni ya kazi, unabadilisha nyaya. Katika viwanda vya magari vya Marekani kulikuwa na makabati makubwa yaliyojaa rilei, na kila modeli mpya ya gari ilipoingia, nyaya zilifumuliwa na kufungwa upya. Mwaka 1968 kitengo cha Hydramatic cha kampuni ya General Motors kilitafuta mashine ya kuchukua nafasi ya makabati hayo. Kampuni ndogo ya Bedford Associates ya jimbo la Massachusetts, alikokuwa mhandisi Dick Morley, ilileta mashine iliyoitwa 084 kwa kuwa ulikuwa mradi wao wa 84. Kutokana na kazi hiyo ikazaliwa kampuni ya Modicon.

Jambo jipya lilikuwa kwamba kanuni ya kazi ilitoka kwenye nyaya ikaingia kwenye kumbukumbu. Nyaya unaziona, na fundi yeyote wa umeme mwenye subira anaweza kuzifuata kwa kidole. Kanuni iliyo kwenye kumbukumbu haionekani kwa macho. Faida za mashine hizi, na karibu matatizo yote tunayokutana nayo vijijini, yanatoka hapo.

PROGRAMU YENYEWE IKOJE

Tuchukue mradi wa kawaida. Kuna kisima kirefu chenye pampu, na tangi kilimani. Ndani ya tangi kuna boya mbili, moja ya chini na moja ya juu. Ndani ya kisima kuna kihisi kinachotoa taarifa maji yakishuka mno, na kwenye kabati kuna kilinda mota kinachoona kama mota inapata joto kupita kiasi. Kamati inataka pampu iwake tangi likishuka hadi boya la chini, iendelee mpaka boya la juu, lakini izime mara moja kisima kikipungukiwa au mota ikipata joto.

Fundi huandika maneno hayo kwenye kompyuta kwa mchoro unaofanana na ngazi. Kila kipandio cha ngazi ni sentensi moja: kushoto yako masharti, kulia liko tendo. Mchoro huu ulichaguliwa tangu mwanzo ili mafundi waliozoea michoro ya rilei wasilazimike kujifunza lugha ya wataalamu wa kompyuta, na hadi leo unatumika. Kipandio cha pampu kina sharti moja linalojirejea lenyewe: pampu ikiwa tayari inafanya kazi, iendelee. Bila sharti hilo pampu ingezima mara tu maji yanapopita boya la chini, kisha ingewaka tena, kisha kuzima, na mota isingedumu.

Ngazi hiyo inapopelekwa kwenye kidhibiti, picha haiendi. Kompyuta huigeuza kuwa maagizo mafupi yaliyopangwa kwa mstari: angalia mlango wa kwanza wa kuingiza, unganisha na wa pili, peleka jibu kwenye mlango wa kwanza wa kutoa. Tafadhali lishike hili, tutalirudia mbele.

JINSI INAVYOENDESHWA

Kidhibiti hakisomi programu mara moja na kutulia. Huisoma yote kuanzia kipandio cha kwanza hadi cha mwisho, kisha huanza tena, mchana na usiku. Mfikirie katibu wa kamati ya maji mwenye daftari moja. Kwanza anazunguka vituo vyote na kuandika alichokiona: tangi limeshuka, kisima kina maji, mota iko salama. Anarudi ofisini, anafunga mlango, na kuanza kusoma kanuni za kamati moja baada ya nyingine akizilinganisha na daftari, wala hatoki tena kwenda kuangalia vituo. Kila uamuzi anauandika kwenye ukurasa wa pili. Akimaliza kanuni ya mwisho ndipo anatoka na kutekeleza maamuzi yote kwa pamoja. Kisha anajibu barua kama zipo, anatazama saa, na kuanza mzunguko mwingine.

Kidhibiti kidogo cha pampu humaliza mzunguko mzima kwa milisekunde chache, yaani sehemu chache za elfu za sekunde. Kwa tangi linalochukua saa kadhaa kujaa, huo ni wepesi zaidi ya mahitaji. Kwa mashine inayohesabu chupa zinazopita kwa kasi mambo ni tofauti, maana ishara fupi kuliko mzunguko inaweza kupita wakati daftari limefungwa na isiandikwe popote. Huko wahandisi hutumia milango maalumu yenye ruhusa ya kumkatiza katibu kazini.

Kwa nini daftari, na si kuangalia boya moja kwa moja kila inapohitajika? Kwa sababu maji ya tangi yana mawimbi na boya hutikisika. Kipandio cha kwanza kingeliona boya juu na cha tisa kingeliona chini, na mashine ingefanya uamuzi unaopingana ndani ya mzunguko mmoja. Daftari hufanya kanuni zote zisome habari ileile.

Hapo pia ndipo kosa moja la mafundi wachanga linapotokea. Vipandio viwili vikiandika amri ya mlango mmoja wa kutoa, kinachotekelezwa ni kilichoandikwa mwisho, kwa kuwa ukurasa wa pili una nafasi moja tu kwa kila mlango. Tuseme kamati inaomba pampu iweze kuwashwa pia kwa swichi ya ofisini. Fundi mwenye haraka anaongeza kipandio mwishoni mwa ngazi kinachosema: swichi ya ofisini ikiwashwa, pampu iwake. Kuanzia hapo kipandio cha kwanza kimepoteza nguvu, pamoja na kihisi cha kisima kilichokuwa ndani yake, na pampu inaweza kuzunguka bila maji mpaka iharibike. Tunalitaja kwa sababu ombi la "tuongezee kitu kidogo tu" kwa kawaida hutoka kwetu sisi wenye mradi.

Mzunguko ukichelewa kupita kiasi, labda kwa kuwa programu imejifunga katika hatua isiyo na mwisho, kuna saa ya ulinzi inayosimamisha kila kitu na kuzima milango ya kutoa. Kwenye baadhi ya vidhibiti vya Siemens saa hiyo hutoka kiwandani ikiwa imepangwa milisekunde 150. Pampu iliyosimama kwa njia hii haijaharibika, na ukiigonga kabati hutapata kitu.

KUMBUKUMBU

Sasa turudi kwenye swali la kamati. Ndani ya kidhibiti kuna maandishi ya aina tatu. Ya kwanza ni programu ya kiwandani, ambayo humfundisha katibu wetu jinsi ya kuzunguka. Hiyo haituhusu sana. Ya pili ni programu ya mradi, ile ngazi iliyogeuzwa kuwa maagizo. Ya tatu ni hali ya kazi ya wakati huo: pampu inawaka, saa za kazi zimefika ngapi, muda wa kusubiri umebaki kiasi gani.

Mahali pa kuandikia napo si pamoja. Kuna kumbukumbu ya haraka, ambayo ni kama ubao wa darasani. Inaandikwa na kufutwa kwa wepesi, lakini umeme ukiondoka ubao wote unakuwa mtupu. Na kuna kumbukumbu ya kudumu, ambayo ni kama kitabu kilichopigwa chapa. Haihitaji umeme kutunza kilichomo. Vidhibiti vya siku hizi hutunza programu ya mradi kwenye kitabu, ama ndani ya mashine yenyewe ama kwenye kadi ndogo inayochomekwa, na umeme unaporudi hunakili maagizo kutoka kitabuni kwenda ubaoni na kuyaendesha kutoka huko. Hivyo ndivyo kinavyokumbuka asubuhi.

Vidhibiti vingi vya zamani havikuwa hivyo. Programu ya mradi ilikaa ubaoni peke yake, na betri ndogo ya lithiamu ndiyo iliyouzuia ubao usifutike umeme unapokatika. Betri hiyo hudumu miaka michache, na joto la nyumba ya pampu yenye paa la bati hulipunguzia maisha. Inapokaribia kwisha, taa ndogo huwaka kwenye uso wa mashine. Umeme ukiwepo hakuna dalili nyingine yoyote; pampu inafanya kazi kama kawaida, na kwa hiyo taa hiyo hupuuzwa. Mashine za aina hii bado zipo kwenye miradi yetu, hasa zilizokuja zikiwa ndani ya mitambo iliyokwisha kutumika ng'ambo.

Betri hiyo ina jambo moja linalokwenda kinyume na mazoea ya fundi wa umeme. Kwa kawaida anazima kwanza, kisha anagusa. Hapa akizima na kutoa betri ya zamani, ubao unaweza kufutika kabla hajaweka mpya. Kwa mashine nyingi za aina hii kitabu cha maelekezo husema betri ibadilishwe kidhibiti kikiwa na umeme. Kwa kuwa ndani ya kabati hilohilo kuna umeme mkubwa, kazi hii ni ya fundi aliyefunzwa, akiwa amesoma kitabu cha mashine husika. Isiwe kazi ya mlinzi wala ya katibu.

Maandishi ya aina ya tatu, hali ya kazi, ndiyo yanayowachanganya watu zaidi. Fundi huchagua yapi yatunzwe umeme ukikatika na yapi yafutwe. Hesabu ya saa za kazi za pampu inapaswa kutunzwa. Isipotunzwa, kila umeme ukikatika hesabu inaanza sifuri na siku ya matengenezo haifiki kamwe. Lakini hali ya "pampu inawaka" kwa kawaida huachwa ifutike, ili umeme ukirudi kwa kuyumba mota isianze yenyewe papo hapo.

Matokeo yake yameshasababisha simu nyingi ofisini kwetu. Umeme unakatika tangi likiwa limejaa nusu na pampu ikiwa inafanya kazi. Unarudi baada ya saa moja, na pampu haiwaki. Kamati inaita fundi, inalipa nauli, fundi anafika na kukuta pampu inafanya kazi vizuri. Hakuna aliyeitengeneza. Lile sharti la kujirejea lilifutika, maji yalikuwa bado juu ya boya la chini, na kidhibiti kilikuwa kinasubiri tangi lishuke kama kilivyoagizwa. Kabla ya kupiga simu, angalieni maji kwenye tangi yako wapi.

KILICHOTOKEA KWENYE MRADI MMOJA

Katika mradi mmoja wa eneo letu transfoma ya kijiji iliungua na umeme ukakosekana kwa wiki kadhaa. Taa ya betri kwenye kidhibiti ilikuwa imewaka kwa muda mrefu kabla ya hapo. Umeme uliporudi, kidhibiti kiliwasha taa zake lakini hakikutoa amri yoyote. Ubao ulikuwa mtupu. Mkandarasi alikuwa amemaliza mkataba, na fundi wake aliyeandika programu alikuwa ameacha kazi na kuondoka na kompyuta yake. Katika faili la mradi kulikuwa na michoro ya mabomba, risiti, picha za uzinduzi na dhamana ya pampu. Programu haikuwemo.

Kwa zaidi ya mwezi pampu iliendeshwa kwa swichi ya mkono. Swichi hiyo haipitii kwenye kidhibiti, na kwenye kabati lile haikupitia hata kwenye kihisi cha kisima, hivyo ilibidi mtu akae hapo kila pampu inapofanya kazi na mwingine akae kilimani kutazama tangi. Walifanya kazi hiyo vijana wa usharika kwa zamu. Maji ya zahanati yalikuja siku moja na kukosekana siku inayofuata. Mwishowe fundi mwingine alifuatilia kila waya kutoka kwenye kabati hadi kwenye boya na vihisi, akaandika programu upya, na gharama ililipwa na mfuko wa maji wa wananchi. Kilichopotea hakikuwa na uzito wala ukubwa. Kingeweza kukaa kwenye diski ndogo ya mfukoni pamoja na nakala mia nyingine.

NAKALA ISIYO NA MAJINA

Baadhi ya wakandarasi hutujibu kwamba hakuna haja ya nakala, kwa kuwa programu inaweza kusomwa kutoka kwenye kidhibiti wakati wowote. Ni kweli nusu. Kumbukeni tulivyosema kwamba picha ya ngazi haiendi kwenye mashine. Katika vidhibiti vingi vya zamani, majina na maelezo aliyoandika fundi hayaendi pia; hubaki kwenye kompyuta yake. Ukisoma programu kutoka kwenye mashine unapata "mlango 0.3 na mlango 0.5, basi mlango 0.1", bila neno la kukuambia kwamba 0.3 ni kisima na 0.5 ni boya la juu. Mashine mpya kadhaa hutunza majina pia, lakini hilo hutegemea modeli na jinsi fundi alivyopanga. Kwa hiyo nakala tunayoidai ni faili kamili la mradi lenye majina na maelezo, pamoja na orodha iliyochapwa kwenye karatasi inayoonyesha kila mlango umeunganishwa na nini. Karatasi haihitaji programu ya kompyuta kuifungua, na baada ya miaka kumi hilo litakuwa jambo kubwa.

Neno la siri nalo ni sehemu ya mali. Tumekuta vidhibiti vilivyofungwa kwa neno la siri ambalo mkandarasi peke yake analijua, hata mwenye mradi haruhusiwi kusoma alichokilipia. Upande wa pili ni mashine zilizoachwa na neno la siri la kiwandani. Mwezi Novemba 2023 kituo kimoja cha kusukuma maji cha mamlaka ya Aliquippa, jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, kilivamiwa kwa njia ya intaneti kupitia kidhibiti cha namna hii. Taasisi za usalama za Marekani zilieleza kwamba wavamizi walikuwa wakiingia kwenye vidhibiti vya aina hiyo vilivyoachwa wazi kwenye intaneti, vikiwa na neno la siri la kiwandani, 1111. Watu wa Aliquippa hawakukosa maji kwa sababu wafanyakazi waliendesha kituo kwa mkono. Kama pampu yenu inatazamwa kwa simu kutoka mjini, waulizeni waliofunga neno la siri ni lipi na nani analo.

KWA KAMATI NA KWA WAFADHILI

Katika bajeti tunazoziona kuna mstari wa pampu, wa mabomba, wa kabati la umeme, wa uzinduzi, na hata wa bango lenye nembo za wote waliochangia. Mstari wa programu hauonekani, kwa sababu inahesabiwa kuwa imo ndani ya kabati. Tunawaomba wafadhili wetu wakubali mstari huo uwepo: faili kamili, orodha ya milango, maneno ya siri katika bahasha iliyofungwa, betri ya akiba pale inapohusika, na siku mbili za kumfundisha fundi wa karibu. Kwa maoni yetu siku hizo mbili ni bora kuliko dhamana ya mwaka mmoja kutoka kampuni iliyo mbali.

Nakala zisikae mahali pamoja. Moja iwe ofisi ya usharika, moja ofisi ya dayosisi, na moja kwa fundi. Kila programu inapobadilishwa, hata kwa kipandio kimoja, nakala zote tatu zibadilishwe na tarehe iandikwe.

Fomu mpya ya makabidhiano inapatikana kwa waratibu wa majimbo. Ina kipengele kimoja ambacho wakandarasi wengine wamekilalamikia, lakini hatutakiondoa. Siku ya kupokea mradi, mkandarasi achukue nakala iliyo mikononi mwa kamati, si iliyo kwenye kompyuta yake, aipakie kwenye kidhibiti mbele ya wajumbe, azime umeme, auwashe, kisha pampu ijaze tangi kutoka boya la chini hadi la juu bila mtu kugusa kitu. Tangi likijaa na pampu ikazima yenyewe, mwenyekiti atie sahihi.